Mtihani wa Kisomo na Alama za Mzee

Kabla jina la Kahama halijafungamana na dhahabu ya Bulyanhulu, wilaya hiyo ilikuwa katika kanda ya jaribio kubwa la kufundisha na kupima watu wazima. Kuanzia 1968 hadi 1972, UNESCO na serikali ya Tanzania ziliendesha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya ziwa, Shinyanga ikiwamo, na herufi zikafundishwa pamoja na kilimo cha pamba. Mwaka 1975 ukaja mtihani wa taifa wa kisomo, ukarudiwa 1977, 1981, 1983 na 1986. Wasiojua kusoma walitangazwa kuwa asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, na chini ya 10 mwaka 1986. Sensa ya 2002 ikakuta karibu theluthi moja ya watu wazima hawajui kusoma.

Wengi husema waliofaulu walisahau kwa kukosa magazeti na vitabu. Huenda, ila mitihani ile ilihesabu umati, haikumfuata mtu. Mzee aliyeshindwa 1975 akafaulu 1977 pengine alijifunza kusoma. Pengine pia alishazoea kushika penseli mbele ya msimamizi na kujua anatakiwa kujibu nini. Alama peke yake haitenganishi hayo mawili. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule wa Bagamoyo, wakawaelekeza kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena, na alama zikapanda. Matokeo yalichapishwa 2002. Na hao ni watoto wanaoshinda darasani, sembuse aliyekutana na karatasi ukubwani.

Mpinzani atasema alama hupima kitu cha kudumu, atataja Uskoti. Watoto waliozaliwa 1921 walipimwa akili Juni 1932, baadhi yao wakarudia mtihani uleule walipokaribia miaka 80, na aliyekuwa juu kwa kawaida alibaki juu. Ushahidi huo ni mzito, siubezi. Lakini wote walikuwa wanafunzi siku ya kwanza walipopimwa, kwa hiyo uthabiti ule umebeba shule ndani yake. Kahama haiwezi kuuazima.

Wapo waliojaribu kuikwepa shule: wilayani Hai, watafiti wa maradhi ya kupoteza kumbukumbu walitumia kipimo kisichodai kusoma: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hicho nacho kikirudiwa upesi kinazoeleka. Alama ikipanda si lazima iwe nafuu, na ikibaki palepale, yaweza kuwa akili imeshuka na mazoea yameziba pengo.