Jua Kali Ilitaka Kivuli

Wasee, hili jina "jua kali" halikuanza kama sifa. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, walikuwa wanafua mabati nje, masanduku na majiko, jua likiwapiga utosini siku nzima. 1985 Rais Moi akawatembelea, akaahidi kuwajengea vibanda. Sisi hudhani biashara ndogo inataka mkopo tu. Hao walihitaji paa! Ukiwa na paa mvua haikufungii kazi, vyuma havishiki kutu, na mteja anajua kesho atakupata wapi.

Halafu kuna sheria ya usalama kazini ya 2007. Inagusa kila mahali pa kazi, hata kwa fundi wa kando ya barabara.

Sasa njoo Kamukuywa, hapa njia ya Webuye kwenda Kitale. Nilipoacha chuo nilikuwa nashikilia mageti yakichomelewa, bila miwani. Usiku macho yanawaka ni kama yamejaa mchanga. Siku mbili sikutoka kitandani, geti ya mteja ikabaki nusu, akaipeleka kwingine. Pesa ya hiyo geti ingenunua miwani ya sisi wote. Mdosi alikuja kununua baadaye. Moja, ya watu watatu.