Kihenge cha Yusuf na Kihenge cha Shinyanga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu katika imani, baada ya darsa ya wiki iliyopita kijana mmoja mchimbaji kutoka Geita aliniuliza: "Sheikh, kila siku tunasikia watu wanakufa njaa duniani. Nchi kama yetu itamsaidia nani, na yenyewe inasaidiwa?" Leo namjibu kwa historia. Soma mpaka mwisho.

Anza na Nabii Yusuf (a.s.). Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Yusuf alipoulizwa, hakuishia kwenye tafsiri. Aliwapa na mpango: limeni miaka saba, mkivuna acheni nafaka kwenye masuke yake, msitoe ila kidogo cha kula. Njaa ilipofika, waliokuja kutafuta chakula hawakuwa Wamisri peke yao. Walikuja na watu wa Kanaani, wakiwemo ndugu zake waliomtupa kisimani. Akawapimia. Angalia hapo: kama ghala lingekuwa tupu, moyo wake mwema ungewapa nini?

Njoo kwa Sayyidna Umar (r.a.). Mwaka wa 18 Hijria, Bara Arabu ilikauka hadi watu wakauita Mwaka wa Majivu. Umar aliandika barua kwa magavana wake kuomba chakula. Wanahistoria wanasimulia kwamba Abu Ubaida alikuja kutoka Sham na msafara wa ngamia wamebeba shehena. Umar mwenyewe aliacha samli na nyama mpaka raia wapate. Madina iliokolewa na nchi iliyokuwa na akiba.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1972 TANU ilitangaza Siasa ni Kilimo kule Iringa. Miaka miwili iliyofuata mvua zikagoma, na wakati huohuo watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, wengine wakiacha mashamba yao. Serikali ikalazimika kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni, na ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Sisi tuliokua miaka ile na iliyofuata tunakumbuka ugali wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu waliuita ugali wa Yanga. Tulicheka, lakini ulikuwa ugali wa kuombewa.

Nchi hiyohiyo ikajifunza kuweka akiba. Tangu mwaka 2008 kazi hiyo inafanywa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na moja ya kanda zake iko hapahapa Shinyanga, ambako vimejengwa na vihenge vya kisasa. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi, Tanzania ilipeleka msaada wa chakula. Mwaka 2024 ukame ukaunguza mahindi ya Zambia mpaka ukatangazwa kuwa janga la taifa, na Zambia ikaingia mkataba na NFRA wa kununua tani 650,000. Utasema, "Sheikh, hiyo ni biashara." Naam, na ndugu zake Yusuf nao walikuja na bidhaa zao mkononi. Mwenye njaa anayekuta chakula kwa jirani, kwa bei ya haki, amesaidiwa.

Kwa hiyo kijana wangu, jibu ni hilo. Nchi isiyo tajiri inaweza kumlisha jirani. Lakini kihenge cha taifa kinajazwa na mkulima, na hapo ndipo pana shida yetu.

Wazee wa Kisukuma waliijua elimu hii. Walikuwa na mtama kwenye vihenge, michembe na matobolwa kwa ajili ya miezi ya njaa, na ngitili ya kulishia ng'ombe kiangazi. Sisi tukivuna leo, kesho lori liko mlangoni.

Sisemi kwa kukunyooshea kidole. Mwaka 2016 mimi mwenyewe niliuza magunia yangu yote mwezi wa saba. Mvua za vuli zikakosekana. Mwezi wa pili nilikuwa nanunua mahindi kwa debe, kwa bei mara mbili ya niliyouzia, na jirani yangu mjane alipobisha hodi sikuwa na hata kisado cha kumpimia. Siku ile nilisimama mimbarini kuhimiza sadaka na ulimi ukawa mzito.

Na wewe ndugu yangu wa Geita, kuchimba dhahabu ni kazi ya halali. Lakini usiuze chakula cha watoto chote ukakizamishe kwenye duara. Duara likitema, Alhamdulillah. Lisipotema, dhahabu ambayo hujaipata haipikiki.

Angalia pia tofauti. Kuweka akiba ni sunna ya Yusuf. Kuficha chakula ili bei ipande uwanyonge watu, hiyo ni ihtikari, na Mtume (s.a.w.) ameikataza na kumwita mwenye kuifanya mkosaji.

Fanya haya matatu mavuno haya. Kwanza, hesabu vinywa nyumbani kwako na utenge gunia zao kabla dalali hajafika. Pili, kausha vizuri na utumie mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi, yule tunayemwita Skania, hakuwepo zama za babu zetu. Aliingia nchini kupitia Tabora, na inaaminika alikuja na nafaka ya kutoka nje. Tatu, toa debe moja kwa ajili ya msikiti wako, liwekwe kwa maandishi na mashahidi, lifunguliwe mwezi wa pili kwa mwenye njaa, awe Muislamu au asiwe.

Hapa kwetu tumeanza. La kwanza limetoka kwa yule mjane.

Ewe Mola, tupe mvua yenye kheri, utubarikie vihenge vyetu, wala usitufanye tulale tumeshiba na jirani ana njaa. Amin.

Wallahu a'lam. Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzako kabla hajauza.