Watoto Waliobaki Nje ya Ukuta

Kabla ya Wajerumani kujenga boma Mwanza, Usukuma haukuwa na jela. Aliyekosa sana alitozwa ng'ombe, ukoo ukachanga, naye akabaki kulima na kulea wanawe. Kodi ya kibanda ya mwaka 1898 ilikuja na kazi za shuruti kwa asiyelipa, na wafungwa wakaonekana barabarani wamefungwa minyororo shingoni. Watoto wao waliobaki kijijini waliachiwa bibi na wajomba. Serikali haikuona kuwa wanaihusu.

Serikali ya kikoloni iliwakumbuka watoto walipoanza kuitia hofu. Nchini Kenya, Operesheni Anvil ya Waingereza dhidi ya waasi wa Mau Mau, Aprili 1954, ilizoa maelfu ya watu Nairobi na kuwapeleka kambi za kizuizini, Manyani na nyingine, na watoto wengi wakabaki mitaani. Wavulana waliokamatwa kama Mau Mau walihamishiwa kambi ya Wamumu, wakafundishwa kusoma, ufundi na michezo chini ya kaulimbiu ya Ukweli na Uaminifu. Uaminifu kwa nani? Kwa serikali iliyowaweka kizuizini wao na, kwa wengi, wazazi wao. Geoffrey Griffin, aliyefanya kazi Wamumu, alianzisha shule ya Starehe mwaka 1959 pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, wakianzia katika vibanda viwili vya mabati, na vijana wengi wa mitaani waliokolewa pale. Starehe naiheshimu. Wamumu siwezi kuisifu, kwa kuwa kambi inayomtaka mtoto amkane mzazi wake humjeruhi mara ya pili.

Sheria zilichelewa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 30, unataka mahakama zinapomhukumu mama zifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, ilisitisha kifungo kilichobaki cha mama wa watoto watatu kwa ajili ya watoto hao. Tanzania ina Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu 2002, na misamaha ya Rais mara nyingi huwataja wajawazito na wanaonyonyesha. Ni mambo mema, ila humfikia zaidi mtoto aliye mgongoni mwa mama.

Na mtoto wa baba aliyefungwa je? Hapa Buswelu, makao makuu ya wilaya ya Ilemela, Mwanza, ziwa haliko mbali. Mvuvi akinaswa na wavu haramu wa kokoro na kushindwa faini, huishia jela, na Gereza la Butimba liko upande wa pili wa jiji. Nyumbani mtoto huambiwa baba yuko Ukerewe anavua. Ukweli huupata shuleni wakati wa mapumziko, kwa mwenzake anayemcheka.

Kwingineko wametafuta njia ya kuwakutanisha. Washington, Marekani, shirika la Hope House lilianzishwa na Carol Fennelly mwaka 1998 kwa ajili ya familia ambazo wafungwa wao walipelekwa mbali. Kambi zake za kiangazi ziliwaingiza watoto gerezani, wakashinda na baba zao siku kadhaa wakichora pamoja. Jirani zetu Uganda, shirika la Wells of Hope la Francis Ssuubi huwasomesha watoto wa wafungwa na kuwapeleka kuwaona wazazi. Hapo ndipo sanaa hupata kazi yake: watu wawili waliokosa la kusemezana hupata la kufanya kwa mikono.

Mwanza haina haja ya kuagiza sanaa hiyo kutoka nje. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yapo Kisesa, na makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu bado hushindana, kwa kawaida mwezi Juni, wakati wa tamasha la Bulabo. Katika ngoma ya bugobogobo wachezaji hurusha majembe kwa pigo moja la ngoma, na anayekosa hatua anaharibu mstari mzima. Mtoto anayejificha darasani, katika mstari huo anahitajika. Juni shule huwa zimefungwa: wiki moja ya ngoma na kuchora ingetosha kuanzia, mradi michoro ikaguliwe getini Butimba kama barua nyingine, nauli ya daladala ilipwe, na siku ya kutembelea wafungwa mtoto aende nayo mwenyewe.