Bibi wa miaka 107 na blogu yake

Basi bwana, wiki hii nimekuwa nikimsoma bibi mmoja aliyefariki mwaka 2008. Jina lake Olive Riley. Alianza blogu Februari 2007 akiwa na miaka 107. Ndiyo, umesoma vizuri: mia moja na saba! Mimi nina 26 na wiki nzima inapita sijaandika neno hapa, kisingizio changu kazi za gazetini.

Bi Olive alizaliwa Oktoba 1899 huko Broken Hill, mji wa migodi ulio mbali na pwani ya Australia. Uzeeni aliishi katika nyumba ya kulea wazee Woy Woy, kaskazini mwa Sydney. Je, alikuwa anachapa mwenyewe? Hapana. Mtengeneza filamu aitwaye Mike Rubbo, ambaye alikwishatengeneza filamu juu ya maisha yake, alikuwa akienda kukaa naye. Bibi anasimulia, Rubbo anachapa, kisha anaweka kwenye intaneti. Utoto wa kwenye mji wa migodi, vita kuu mbili, kulea watoto watatu huku akifanya kazi za upishi na kuhudumia baa. Alipofariki Julai 2008 alikuwa ameacha maandishi zaidi ya 70, na wasomaji katika nchi mbalimbali.

Kazi hii ya kuwashika wazee mkono ni ya zamani kuliko blogu zenyewe. Mwaka 1986, kabla ya tovuti ya kwanza duniani, Dk. Mary Furlong wa Chuo Kikuu cha San Francisco, Marekani, alianzisha mradi ulioitwa SeniorNet, kwa fedha za Markle Foundation. Wazee walijifunza kompyuta na kuandikiana kupitia nyaya za simu. Kinachonifurahisha ni kwamba walimu wengi walikuja kuwa wazee wenyewe, wakijitolea. Mzee akimfundisha mzee hakuna anayeona haya kuuliza swali mara ya tano.

Baadaye vijana nao wakaingia. Huko Toronto, Kanada, wanafunzi wa sekondari walikwenda kwenye makazi ya wazee kuwafundisha intaneti. Filamu ya *Cyber-Seniors*, iliyotoka 2014, inawaonyesha wazee hao wakishindana nani video yake ya YouTube itatazamwa zaidi. Utacheka. Halafu ikaja Machi 2020, Korona ikafunga milango. Marekani serikali iliziagiza nyumba za wazee kuzuia wageni, isipokuwa kwa sababu chache kama mtu kuwa mahututi. Ghafla kile kilichoonekana mchezo kikawa njia pekee ya mama kumwona mwanawe. Aliyekuwa amefundishwa mapema alibonyeza mwenyewe. Asiyejua alimsubiri muuguzi apate nafasi, na wauguzi siku zile nafasi hawakuwa nayo.

Tukizungumzia mambo haya sisi vijana tunapenda kuhesabu mashine: zimetolewa kompyuta ngapi, nani kakata utepe. Lakini mashine ni sehemu ndogo. Pale Woy Woy kilichofanya kazi ni mtu aliyekubali kukaa kitini na kusikiliza. Najua kuna atakayeuliza, maneno yale ni ya bibi au ya mchapaji? Swali la haki kabisa. Nami kila siku napokea maneno ya watu na kuyapeleka gazetini, na najua jinsi mkono unavyoweza kuyapinda. Lakini bila mkono ule Bi Olive angeondoka na yote.

Kama alivyoondoka bibi yangu mzaa mama. Alikuwa na hadithi za shamba la mkonge alikofanya kazi usichanani, na kila nilipomtembelea alianza kunisimulia. Simu yangu imewarekodi mawaziri, madiwani na viongozi wa klabu za mpira. Yeye sikumrekodi hata dakika moja. Nilikuwa namwambia, "Bibi, nitakuja likizo tukae vizuri." Likizo ikafika, nikaenda kuzika.

Babu bado yupo. Masikio yamechoka kidogo, ila akianza kusimulia hakosei jina la mtu. Sitampelekea kompyuta, hana haja nayo. Jumamosi napanda basi la alfajiri na simu hii hii, nikakae naye barazani, aseme nichape. Nikirudi nitawawekea hapa, kama mwenyewe ataridhia.

Alamsiki.