Msikilizaji Mwenye Miguu Minne

Mtoto wa Arua Hill, katika mji wa Arua nchini Uganda, huamka na Kilugbara, akitumwa dukani anakutana na Kiswahili au Kinubi, na akifika shuleni anaitwa mbele ya darasa lililojaa pomoni asome Kiingereza. Mtaala wa mwaka 2007 uliagiza madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini shule za mjini zenye watoto wa makabila mbalimbali ziliachiwa Kiingereza. Neno likimkwama mtoto huyo, wenzake wanaangua kicheko. Kesho yake hanyooshi mkono.

Hofu hiyo haikuanza jana. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918. Agano Jipya la Kilugbara likatoka 1936, Biblia nzima 1966. Tangu hapo, kanisani na shuleni, anayemsikiliza msomaji ndiye anayemkosoa.

Wazo la kumtafutia mtoto msikilizaji asiyekosoa lilianzia Marekani, na lilianza kwa bahati tu. Mwanasaikolojia Boris Levinson wa New York alimpokea mvulana aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Mvulana alifika kabla ya saa yake na kumkuta ofisini Jingles, mbwa wa Levinson. Akaanza kumpapasa. Kupitia mbwa huyo, Levinson akapata nafasi ya kuzungumza na mvulana. Aliyaandika hayo mwaka 1962, na baadhi ya wanataaluma wenzake wakamcheka. Mwaka 1983 mtafiti Erika Friedmann na wenzake walipima shinikizo la damu la watoto 38, kwanza wakiwa wametulia, kisha wakisoma kwa sauti. Kusoma kulilipandisha, lakini mbwa mpole alipokuwemo chumbani, lilikuwa chini zaidi.

Aliyeunganisha mbwa na kitabu ni Sandi Martin, nesi wa Salt Lake City aliyekuwa ameona mbwa wakiwatuliza wagonjwa. Mwaka 1999, pamoja na shirika la Intermountain Therapy Animals, alimpeleka mbwa wake Olivia kwenye maktaba ya mji. Utaratibu wake ni mwepisi, na nadhani ndiyo sehemu ya busara kuliko zote. Mtoto anakaa sakafuni na kitabu, mbwa amelala ubavuni, mwenye mbwa yuko kando. Mtoto akikwama, yule mtu mzima hamsahihishi. Anasema mbwa hajawahi kulisikia neno hilo, hebu mweleze maana yake. Papo hapo mwanafunzi amegeuka mwalimu.

Uganda ina mbwa wa namna hiyo, ingawa kazi yao ni nyingine. Ukitoka Arua, ukavuka Nile pale Pakwach na kuendelea mashariki, unafika Gulu, makao ya mradi wa mbwa wa kufariji ulioanzishwa na Francis Okello Oloya. Oloya alipofushwa na bomu akiwa na umri wa miaka 12, akilima shamba la familia. Katika shule ya bweni choo kilikuwa mbali, na usiku mbwa ndio waliomsindikiza. Leo mradi huo, ulio chini ya shirika la The BIG Fix Uganda, unawaunganisha manusura wa vita vya kaskazini mwa Uganda na mbwa waliookolewa mitaani. Mtu na mbwa wake wanafunzwa pamoja na kuhitimu pamoja. Kutoka hapo hadi kuketi na mtoto mwenye kitabu naona hatua moja tu.

Tusikimbilie, hata hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichambua tafiti 48 kuhusu watoto wanaowasomea mbwa. Matokeo mengi yalielekea kuwa mazuri, lakini ubora wa tafiti zenyewe ulikuwa hafifu. Tena mbwa wa mtaani huku kwetu si Olivia. Bila chanjo ya kichaa cha mbwa, na bila kuzoeshwa watoto, asikaribishwe darasani. Na katika nyumba nyingi za Waislamu, Arua na mji jirani wa Koboko, mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo mzazi atakataa na ana haki yake.

Hapo paka anafaa. Wamarekani wenyewe wameshaandikisha paka na hata sungura kwa kazi hii. Mbuzi simpendekezi, angekula kitabu.