Altaneta kubwa haichemshi betri, kidhibiti kibovu ndicho huchemsha

MMILIKI wa gari wa Chemchem, mjini Tabora, anayefunga taa za ziada, redio ya spika kubwa na jokofu dogo kwa safari ndefu za Itigi au Uvinza, huweza kushauriwa aondoe altaneta ya ampea 60 na kuweka ya 150. Ushauri huo si mbaya. Hofu inayoandamana nao, kwamba altaneta kubwa itachemsha betri, ndiyo isiyo na msingi.

Ampea ni kiasi cha umeme ambacho altaneta inaweza kutoa pindi kinapohitajika. Kinachochemsha betri ni volti, na hizo hutawaliwa na kidhibiti, kifaa kidogo ambacho katika magari mengi hufungwa nyuma ya altaneta pamoja na kaboni zake. Kidhibiti hupeleka umeme kidogo kwenye koili inayozunguka ili iwe sumaku. Volti zikipanda hukata, zikishuka hurudisha, mara nyingi katika sekunde moja. Kwa hiyo betri ya volti 12 hupata takribani volti 13.8 hadi 14.5, injini iwe taratibu au kasi; malori ya volti 24 hupata kama 28.

Tatizo hasa huwa kwenye waya. Ampea 150 zikipita katika waya wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 1.5 hupotea njiani. Kidhibiti kinachopima palepale kwenye altaneta huona 14.4 na kuridhika, ilhali betri inapata 12.9, ambazo haziwezi kuijaza. Mwenye gari hununua betri mpya, kisha nyingine, huku kosa likibaki palepale. Dawa ni waya mnene hadi kwenye betri, waya wa bodi uliosafishwa na, kidhibiti kikiruhusu, waya mwembamba wa kupimia unaofika kwenye betri yenyewe.

Kidhibiti kikifa na kuacha kukata, volti huweza kupita 16. Hapo altaneta kubwa huwa hatari zaidi, kwani ina nguvu ya kuendelea kusukuma. Maji ya betri huisha upesi, balbu huungua, na betri hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja.

Kipimo sahihi ni mita kwenye betri, injini ikiunguruma na taa zikiwaka. Ile desturi ya kale ya kung'oa waya wa betri ili kuona kama injini itazimika haifai kabisa: volti huweza kuruka kupita 80 kwa sehemu ya sekunde na kuua kompyuta ya gari.