Fonie yenye makelele: namna ya kupata sauti safi Salamabila na kandokando yake

Katika Salamabila, kama katika vijiji vingi vya Kabambare na Kasongo, fonie ndiyo sauti inayobaki wakati mtandao wa simu umekatika, mvua imeharibu barabara au vita vimefunga njia. Kwa fonie kituo cha afya huomba dawa, wachungaji hupashana habari za watu waliokimbia, na rubani wa ndege ndogo huambiwa kama uwanja umekauka. Kwa sababu hiyo makelele si jambo dogo. Wengi wetu huhesabu kwa Kifaransa hewani, na katika makelele «six» na «dix» husikika sawasawa. Wagonjwa sita wa surua wakiandikwa kumi, au kumi wakiandikwa sita, dawa zitakazotumwa hazitalingana na mahitaji.

Tunaandika haya kwa ajili ya wandugu wanaoshika fonie ya parokia, ya hospitali, au redio ya wapenda mawasiliano. Kazi nyingi hapa haziombi fedha nyingi, zinaomba subira.

Makelele yanatoka wapi?

Kuna makelele ya aina mbili. Ya kwanza yanatoka angani: ni radi. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Kampene, katika Maniema yetu, ni mahali pa tatu duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela na Kabare ya Kivu ya Kusini. Kampene ilihesabiwa karibu miali 177 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Kwenye fonie radi husikika kama kuni kavu zinazopasuka, ghafla na bila mpango.

Aina ya pili inatoka nyumbani mwetu. Inavuma au inalia bila kukatika, au inapiga tiktiktik kwa mwendo mmoja. Hii imeongezeka tangu paneli za jua zilipoenea. Wanaoileta mara nyingi ni regulateri (kile kisanduku kati ya paneli na batri), konvatisa, taa za LED za bei ndogo, chaja za simu, na jenereta ya mafuta.

Radi hatuwezi kuizima. Vyombo vyetu tunaweza.

Kutafuta chanzo

1. Zima kila kitu katika jengo, acha fonie peke yake juu ya batri. Angalia sindano ya S na uandike namba yake.
2. Chomoa waya wa antena. Makelele yakishuka sana, yanaingia kwa antena. Yakibaki, yanapita kwa waya wa umeme au yako ndani ya mashini yenyewe.
3. Rudisha antena, kisha washa vyombo kimoja kimoja, ukiandika namba kila mara. Chombo kinachopandisha sindano ndicho chanzo.
4. Ikiwa vyote vimezimwa na makelele yangali yanaendelea, chukua redio ndogo ya mkononi yenye AM, iweke mahali pasipo na kituo, tembea nayo kuzunguka uwanja. Pale inapolia zaidi ndipo pa kuuliza. Inaweza kuwa paneli ya jirani. Umwendee kwa heshima.

Msichoke na kazi hii. Kila alama moja ya S mnayoipunguza ni desibeli 6, yaani ni kama mwenzenu wa upande mwingine ameongeza nguvu mara 4, kutoka wati 100 mpaka 400, bila kununua kitu.

Dawa ya kila chombo

*Regulateri.* Njia ya hakika ni kukata paneli wakati wa mawasiliano na kutumia batri peke yake. Mkate waya wa paneli kwanza. Msitoe batri wakati paneli ingali imefungwa, kwa maana regulateri nyingi huharibika hivyo. Kiwashio kimoja kizuri kwenye waya wa paneli kinarahisisha kazi. Tena, sokoteni pamoja waya wa chanya na wa hasi, kwa sababu waya mbili zilizoachana hutangaza makelele kama antena.

*Konvatisa na chaja.* Fonie ifungwe moja kwa moja kwenye batri ya volti 12, kwa waya mnene na mfupi wenye fyuzi. Konvatisa izimwe saa ya mawasiliano.

*Taa.* Badilisheni ile inayolia, au izimwe. Pete ya feriti, waya ukizungushwa ndani yake mara kadhaa karibu na chombo kinacholia, inasaidia sana. Pete hizo hupatikana hata kwenye kebo za kompyuta zilizokufa.

*Jenereta.* Isogezwe mbali, au mzungumze ikiwa imezimwa.

Antena

Antena ikae mbali na nyumba, paneli na waya za umeme, na kebo yake ya koaksia iende moja kwa moja mpaka kwenye fonie. Antena ya waya iliyolala husikia makelele ya karibu kidogo kuliko ile iliyosimama. Urefu wake wote kwa mita ni 143 ugawanywe kwa masafa ya megahezi: kwa 7.1 ni karibu mita 20, kwa 5 ni karibu mita 28 na nusu. Kindu na Bukavu ziko mbali nasi kidogo zaidi ya kilomita 200 angani. Kwa umbali huo waya wa mita 5 hadi 8 juu ya ardhi unatosha, kwa kuwa mawimbi hupanda na kurudi chini karibu.

Vifungo vya mashini

Zimeni kiongeza sauti ya antena (kimeandikwa PRE au AMP) na mpunguze RF GAIN mpaka mvumo utulie huku sauti ya mtu ikibaki. NB inafaa kwa makelele ya tiktiktik ya jenereta. Kwa radi haisaidii sana.

Saa na namna ya kusema

Mvua za radi huja zaidi mchana na jioni, kwa hiyo habari muhimu ziwekwe asubuhi. Semeni polepole, kwa maneno mafupi. Hesabu isemwe tarakimu moja moja: kwa kumi, «un, zéro». Anayepokea arudie yote, na anayetuma aseme kama ni sawa.

Usalama

Ukiona umeme wa radi na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Acha kusema, chomoa kebo ya antena, itoe nje ya nyumba. Tena, karatasi za ruhusa za ARPTC zikae karibu na fonie: katika eneo lenye watu wa silaha, mashini isiyo na karatasi inaleta mashaka kwa mwenye kuishika na kwa kituo chote.

Bandikeni daftari ukutani: tarehe, saa, namba ya S. Siku namba ikipanda ghafla, mtajua kwamba kuna chombo kipya cha kutafuta kabla mgonjwa hajahitaji sauti yenu.